Maji ya Rada

Nawaandikia nyinyi wenye visima. Mtoto wangu Ilinca alikunywa maji ambayo jirani yetu alikuwa ameshaambiwa asiyaguse. Aliyanywa mbele ya macho ya huyo jirani, asubuhi baada ya asubuhi, na kijiji kizima tukawa tunagombania jambo jingine kabisa. Mimi nimeishia shule ya msingi, kwa hiyo nitasema yalivyokuwa, bila kupamba.

Mama mkwe wangu, Rada, alifariki wakati miplamu inachanua. Alipoona roho inakaribia kutoka aliniita kitandani.

"Stanca, maji yangu yapelekwe kwa Veta."

"Kwa Veta yupi, mama?" Nilijifanya simjui.

"Huyo huyo mnayekatana naye macho. Nimekunywa naye kahawa tangu tuko wasichana. Sitaki kuomba maji kwa mtu baki."

Kwetu, hapa kusini mwa Romania, maiti haachwi aende na kiu. Akishazikwa, msichana mdogo wa ukoo huchota maji kila asubuhi katika kisima cha marehemu na kuyapeleka kwenye nyumba aliyoitaja mwenyewe, mpaka arobaini. Kisima ni kile kile mwanzo hadi mwisho. Anayepokea hunywa pale pale mlangoni, husema "Mungu awarehemu wafu wako", na alichokunywa yeye ndicho anachokunywa marehemu huko aliko. Kuyakataa maji hayo ni sawa na kumtemea maiti mate usoni. Na hapa kijijini Valea Rece tuna letu la ziada ambalo sijaliona kwingine: msichana hunywa funda moja kwanza, anayepokea akimtazama, ili ijulikane hakuna kitu kilichotiwa. Wazee wetu walikuwa na ugomvi wao, ndipo likatoka hilo. Ilinca ana miaka kumi. Funda la kwanza lilikuwa lake.

Ugomvi wangu na Veta ulitokana na shamba. Mkwe wake, Sandu, alilikodisha shamba la nyuma ya nyumba zetu kwa kampuni inayotafuta gesi. Yalianza kuja malori yenye bamba zito la chuma tumboni. Lori linasimama, linashusha bamba, linaitikisa ardhi mpaka vikombe vinaimba kabatini. Ukuta wangu ulipata ufa kuanzia jikoni hadi dirishani. Baada ya malori ukaja uzio, na baada ya uzio ukaja mnara wa kuchimbia. Sandu akapewa kazi ya ulinzi na kofia yake, na tangu siku hiyo hata kanisani anaivulia mlangoni kwa shingo upande.

Siku moja alitusomesha pale dukani, chupa ya bia mkononi.

"Hii siyo gesi ile ya zamani, ya kutoboa ikatoka. Hii imefungwa ndani ya jiwe, chini sana. Wanalipasua jiwe kwa maji na dawa, ndipo inaachia."

"Na dawa ikishapasua inakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Inabaki huko huko chini."

"Na kisima changu kiko wapi, Sandu? Kiko juu ya paa?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Mwanamke hata hesabu ya kugawanya hajui, anataka kumfundisha injinia."

"Simfundishi. Namuuliza. Na wewe mwenyewe naona umejibu mpaka pale ulipoishia kuambiwa."

Nikaweka ubao getini kwangu: HATUTAKI. Asubuhi nilikuta umepakwa mavi ya ng'ombe. Nikauosha, nikaurudisha. Veta alikuwa akiniona kwenye uzio unaotutenganisha anasonya, nami nasonya, tukaishi hivyo majira mazima ya baridi. Mume wangu Marin yuko Uhispania anachuma stroberi. Nikimpigia simu kumweleza ananiambia, "Usigombane na watu, mke wangu, mimi siko." Kana kwamba wao wanangoja arudi ndipo wanigombeze.

Kwa hiyo nilipomtuma Ilinca na ndoo kwa Veta nilikuwa nimeuma meno. Lakini la marehemu ni la marehemu. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Ilinca alisema Bibi Veta anakunywa mpaka tone la mwisho na anamlilia Rada. Halafu kule kwenye mnara wakaanza kazi yenyewe ya kupasua. Usiku na mchana kulikuwa na mngurumo ambao huusikii kwa masikio, unausikia kwenye magoti.

Si siku nyingi baadaye, tunakula ugali na jibini, Ilinca akaniambia, "Mama, Bibi Veta hanywi."

"Hanywi kivipi?"

"Ananitazama ninywe. Halafu na yeye anainua kikombe, anabana midomo. Nikigeuka anamwagia ule mwaridi wa mlangoni. Halafu anakunywa ya chupa. Chini ya kitanda chake kumejaa chupa."

Mimi nilisikia la mwaridi tu. La chupa lilinipita kama upepo. Na si mimi peke yangu. Kila niliyemsimulia kijijini alishika hapo hapo kwenye mwaridi. Tumelelewa hivyo. Ukimwambia mtu wa Valea Rece kwamba maji ya maiti yamemwagwa, huwezi tena kumwambia kitu kingine.

Nilikwenda kwenye uzio hata kijiko sijakiweka.

"Veta. Toka nje."

Alitoka akijifuta mikono kwenye aproni. "Nani kafa tena?"

"Rada anakufa mara ya pili, na anayemuua ni wewe. Unayamwaga maji yake."

"Nani kasema?"

"Mwaridi wako umesema."

Akaangalia chini, kisha akaangalia kwenye mnara, kisha akanirudia mimi. "Mtoto wako ana macho marefu."

"Na wewe una koo fupi. Mwenzio alikutaja wewe, akawaacha dada zake. Ukipewa pesa za gesi unasahau hata aliyekupokelea watoto wako walipozaliwa?"

"Stanca, nenda kapike."

"Nimeshapika. Nimekuja kuona kama una haya."

Hapo Sandu akatokea na kofia yake. "Kelele hizo za nini? Mama mkwe wangu anakunywa. Nimemwona kwa macho yangu. Wewe unatafuta la kuisema kampuni kwa mgongo wa maiti. Kufa kufaana, eh?"

Kesho yake kijiji kilikuwa kimegawanyika nusu kwa nusu. Kuna waliosema Veta ni mchawi, na kuna waliosema mimi ndiye niliyemfundisha mtoto uongo. Wanawake wawili walivutana vitambaa vya kichwani kanisani kwa sababu ya mwaridi ule. Padri Visarion akaniita.

"Binti yangu, maji ni ya amani. Endelea kuyapeleka. Dhambi ya kumwaga itakuwa yake."

"Na Rada, Padri? Anakunywa dhambi?"

Alishika ndevu, akaniambia nisali.

Basi nikaendelea kumtuma Ilinca, kwa hasira sasa. Nilitaka Veta aone ndoo kila siku na aibike. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, na ukiyaacha ndooni mpaka jioni yanaota utando unaometameta, lakini ilikuwa majira ya theluji ya milimani kuyeyuka, na visima vyetu huchafuka majira hayo. Tulinywa, tulipikia, tulifulia. Ilinca akaanza kushika tumbo. Pembe za midomo zikamchubuka. Nikasema ni plamu mbichi, nikamkaripia.

"Sijala plamu, mama."

"Usinijibu. Plamu unazijua wewe."

Zilikuwa bado hazijafika hata ukubwa wa njegere.

Ikafika arobaini, siku ya kuyaachilia maji. Siku hiyo watu wote hukusanyika kijitoni. Huwashwa mshumaa kwenye kipande cha kibuyu, kikaachwa kielee, na ngano iliyochemshwa kwa asali hugawiwa. Kabla ya kibuyu kuachiliwa, msichana humuuliza aliyepokea mbele za watu, naye hujibu. Jibu linajulikana, kila mtoto analijua. Lakini hapo hakuna anayethubutu kudanganya. Tunaamini aliyedanganya kijitoni siku ya kuyaachilia maji hufa akiomba maji, na watu wamesimama pembeni hawamsikii.

Nilikuwa naisubiri siku hiyo kama mtu anayengoja harusi. Nilijipanga mbele kabisa. Veta alikuja amevaa nyeusi, Sandu kamshika kiwiko. Ilinca alikuwa kapauka, lakini alisimama wima.

"Bibi Veta, ulipewa maji ya Rada?"

"Nilipewa."

"Uliyanywa?"

Veta akatazama maji ya kijito. Mshumaa ulikuwa unayumba mkononi mwa mtoto.

"Jibu, mama, twende," Sandu akasema. "Watu wana ng'ombe wa kukamua."

"Mwache," nikasema mimi. "Anatafuta ladha. Imempotea siku nyingi."

Watu wa upande wangu wakacheka, na wa upande wao wakasonya. Padri akakohoa.

"Uliyanywa, Bibi?" Ilinca akauliza tena.

"Ya mwanzo niliyanywa," Veta akasema. "Yaliyofuata sikuyanywa."

Sauti ikapita kwenye umati kama nyuki. Nikawageukia watu. "Mmesikia. Kwa mdomo wake."

"Nyamaza, Stanca, sijamaliza." Alikuwa ameutoa mkono wake kwa Sandu. "Sikumnyima Rada. Rada angeniomba damu ningempa. Kisima changu kilianza kutoa povu, nikamwambia huyu. Akaja na mtu wa kampuni, wakachungulia, wakaniambia nisiyanywe, yangu wala yenu. Kesho yake zikaja chupa. Huyu akaniambia nikifungua mdomo, yeye hana kazi na shamba linarudi tupu."

"Mama," Sandu akasema, "umechoka. Twende nyumbani."

"Nimechoka ndiyo. Nimechoka kunywa maji ya dukani kwa kujificha kama mwizi."

Ndipo zile chupa zilipotoka mahali zilipokuwa zimelala kichwani mwangu. Nilimwangalia Ilinca, midomo yake iliyochubuka, nikamwangalia Veta.

"Mtoto wangu alikunywa mbele yako."

"Nilimwona."

"Kila siku anakunywa kwanza, ili wewe usiogope."

"Kila siku nilimwona."

"Ukawa unaangalia nini, Veta?"

"Nilikuwa naangalia mwaridi," akasema. "Umekauka."

"Mwaridi wenyewe ulikuwa mzee," Sandu akasema haraka, na mtu mmoja nyuma akamjibu, "Sasa mbona kofia yako inatetemeka?" Safari hii hakuna aliyecheka. Watu walianza kuondoka, wa upande wangu na wa upande wao, wakipanda kilima bila kungoja ngano. Kila mmoja alikuwa anawahi kisima chake. Kibuyu hakikuachiliwa. Ilinca alibaki amekishika mpaka mshumaa ukamtonea nta vidoleni.

Sikumsamehe Veta, na sitawadanganya kwamba nilimsamehe. Daktari wa mjini amempa Ilinca dawa. Michubuko imepona, lakini tumbo linakuja na kuondoka, na nikimuuliza daktari ni nini kilichomwingia mtoto, ananiambia tungoje. Nangoja. Usiku namsikiliza anavyopumua. Kampuni ilituma kijana mwenye viatu visafi. Alichungulia visima, akasema vina kinyesi cha ng'ombe tangu enzi za babu zetu, na kwamba hakuna aliyewahi kumkataza mtu kunywa. Tukamchotea. Akasema hana kiu. Mnara bado umesimama. Sandu bado ana kofia, ila dukani sasa anakunywa peke yake.

Kwa hiyo wakija kwenu, waacheni waseme kuhusu kazi na barabara. Nyinyi tazameni mlangoni kwa yule aliyewakodishia shamba. Siku mtakayoona chupa zinashushwa nyumbani kwake, msiulize nani kamkosea nani. Funikeni visima, muwaite watoto ndani. Na mtoto akikwambia mambo mawili kwa pumzi moja, sikiliza na la pili.

Juzi Ilinca aliniuliza, "Kwa hiyo Bibi Rada amekaa na kiu?"

Basi tumeanza upya. Kisima cha nyumbani hakifai tena, kwa hiyo tunapanda kilima mpaka chemchemi ya kijiji cha pili, ambako Rada alizaliwa. Padri amesema itakubaliwa. Kwa kuwa marehemu alimtaja Veta, maji yanapelekwa kwa Veta. Siku hizi namfuata mtoto hadi mlangoni. Namnyang'anya kikombe, nakunywa mimi kwanza, funda kubwa, nikimkazia macho yule mwanamke. Ilinca hanywi. Kisha Veta anapokea, anakunywa mpaka tone la mwisho na kusema, "Mungu awarehemu wafu wako."

Nakisuuza kikombe pale pale mbele yake, namshika mtoto mkono, tunaondoka.