Jina Kwenye Kanda

Jumapili, tarehe 9 Juni 1985. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka kali.

Baada ya ibada, tulibaki kanisani Malindi kuamua kama ndugu yangu Dena aendelee kufundisha kwaya. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamerekodi nyimbo sita za magitaa ya umeme ndani ya gereji, na kanda zilikuwa zimefika hadi Kaloleni.

"Zinanguruma kama trekta bovu," alisema Mzee Kioko.

"Mimi zinaniliza, mzee wangu," Mama Adhiambo akamjibu. "Labda masikio yako yamezoea trekta."

Watu walicheka. Mzee Kioko hakucheka. Aliinua kanda juu.

"Wenyewe wamekiri. Someni hapa: Kelele!"

Kicheko kikakatika. Dena alinitazama akanyamaza, ili nisiaibike. Jina hilo niliandika mimi kwenye kanda zote, kwa fahari ya mwaka wangu wa kwanza wa ngumbaru, masomo ya watu wazima. Yeye alikuwa ameniambia niandike Kilele, kwa ajili ya mlima aliopanda Musa.

Nilimwomba Mungu nguvu, nikasimama.

"Herufi nilikosea mimi. Naahidi mbele yenu nyote, nitazifuata kanda hizo nyumba kwa nyumba, hata Kaloleni, na kuandika Kilele kwa mkono huu huu."