Lenzi Isiyo na Dhamana

Mama yangu, Bi Time, hakunikataza kwenda Amani. Angenikataza ningejua la kufanya: ningelia, ningenuna, ningemtuma shangazi aje kuniombea, na mwisho tungepatana. Yeye alinyamaza. Nilipomwambia nimepata kazi ya kupiga picha za maua ya msituni, mwaka mzima, hukohuko mlimani, alisema "haya" akaendelea kukata bamia. Na "haya" ya mama, mtu aliyezaliwa Wete akaolewa Tanga, inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, na inaweza kuwa utanikumbuka.

Mimi nilitaka radhi, tena aitamke. Wasomi wa siku hizi watacheka. Wacheke. Nimelelewa nikijua kwamba mtoto anayeondoka bila radhi ya mama hata maji humkwama kooni. Nikajiapiza kwamba nisipoisikia kwa masikio yangu siendi, hata kama Bwana Hosea, mkuu wa ule mradi wa mimea, atampa kazi mtu mwingine. Alikuwa ananitarajia mwanzo wa mwezi, na mwezi ulikuwa unakatika.

Wakati nasubiri, niliona nitafute lenzi. Bwana Hosea alitaka picha za karibu, karibu hasa: vinyweleo vya jani, chavua, mguu wa mdudu juu ya ua lisilozidi ukucha wa mtoto. Lenzi yangu ilikuwa ya harusi. Inajua kumpendezesha bibi harusi na mashoga zake wote, lakini ukiisogeza kwenye ua inakataa kuona.

Duka la Mufaddal Dharsi liko Usagara, si mbali na kwetu. Anauza saa, betri na miwani ya jua, na kwenye kabati la kioo ana kamera na lenzi. Mkewe, Batulbai, hukaa pembeni ya kaunta akifuma kofia nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, na hakuna neno linalosemwa dukani likampita.

"Shikamoo, Bwana Dharsi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, Maryam. Leo harusi ya nani?"

"Leo ni ya maua."

Alinielewa haraka, akatoa boksi ambalo halijafunguliwa. Kabla hajanipa, aliliwekea kiganja juu.

"Nikwambie kabisa, usije ukanisema mjini. Hii kaileta mpwa wangu Rizwan kutoka Dubai. Kiwanda kilekile, kioo kilekile. Si bandia, si ya wizi. Ila haikupita kwa wakala wa hapa, ndiyo maana bei yake imeinama."

"Na waranti?"

"Fungua boksi, soma namba iliyochongwa hapo shingoni, uwaulize wenyewe kwenye mtandao. Nikikujibu mimi utasema mchuuzi huyo, anasifia mali yake."

Nikaingiza namba kwenye simu. Jibu lilikuja taratibu, kwa sababu mtandao wa Tanga nao huwa una usingizi wake. Lenzi ni halali, imetengenezwa kuuzwa nchi nyingine, na waranti yake inafanya kazi hukohuko. Nilijiona kama mtu aliyechunguziwa mchumba akaambiwa kijana ni mzuri, ukoo wake mzuri, ila huku kwetu hana wa kumsemea.

"Wakala hataigusa," Dharsi alisema. "Lakini duka langu lina dhamana yake. Ikiingia ukungu yenyewe, au ikilegea yenyewe, Rizwan atairudisha alikoitoa upewe nyingine. Yenyewe, lakini. Ukiiangusha au ukiimwagia chai, shauri yako."

"Na mchanga," Batulbai alisema bila kuinua macho.

"Na mchanga."

Niliijaribu palepale kwenye kofia ya Batulbai. Uzi mmoja mweupe ukajaa kioo kizima, mnene, wenye nyuzi ndogondogo ndani yake ambazo sikuwahi kujua kuwa zipo. Nikasahau nimesimama dukani. Niliona kama naweza kuingia ndani ya ule uzi nikatembea, nikapotea, nikatokea upande wa pili kwenye nchi isiyo na kelele. Dharsi alikohoa mara mbili ndipo nikakumbuka kulipa.

Nyumbani nilimpigia Bwana Hosea nikiwa nimejiegemeza mlangoni. "Lenzi nimepata," nilimwambia, "ila haina dhamana. Nimeuliza, wamesema huku hawaitambui. Ikipatwa na lolote iko peke yake." Sikutaka kumchosha kwa habari za dhamana ya duka la Dharsi. Bwana Hosea alisema yeye anachotaka ni picha.

Nilipokata simu, mama alikuwa kasimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

"Nani kafungwa?"

"Hajafungwa mtu, mama. Ni lenzi."

"Ndo haina dhamana?"

"Haina."

"Na wenda nayo msituni."

"Nikienda," nilisema, nikamtazama. Nilikuwa nimemfungulia mlango wazi kabisa, angepita tu. Alitazama lile boksi juu ya kabati, akatazama mwiko wake, akarudi jikoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema watu. Mimi nilikuwa nimechoka kuusubiri huo mshindo.

Siku zile nilikuwa nikiota macho wazi. Nikifua, namwona ndege wa Amani. Nikichuja tui, naona ukungu wa mlimani ukishuka polepole juu ya majani ya iliki, na mimi nimechuchumaa chini yake, nimebana pumzi. Kisha mama akipita na kanga yake begani, ndoto inakatika, nakumbuka kwamba sijaambiwa nenda.

Ijumaa moja asubuhi, baada ya manyunyu, nilichukua lenzi nikaenda Raskazone. Kule nyumba za zamani zina bustani zilizoachwa zijiotee, na kuna maua ambayo hakuna anayeyajua jina. Nilipiga magoti mbele ya ukuta mmoja nikaweka jicho kwenye kamera.

Dunia ilikuwa imeyeyuka. Ua lilikuwa pale, lakini limevaa mwanga, na kila tone la mvua lilikuwa limevimba likawa taa. Niligeuza kamera barabarani. Bajaji ilipita, taa yake ikatanda kama andazi ndani ya mafuta ya moto. Watoto wa shule walipita pia, sare zao zikiwa hazina mwisho, wakaingia ndani ya weupe mmoja baada ya mwingine, sauti zao zimebaki. Sijui nilikaa pale muda gani. Ilikuwa nzuri mno, na sikutaka kujua kwa nini. Nilipotazama picha zenyewe ndipo nikashtuka. Vinyweleo vya jani havikuonekana. Hata jani lenyewe ulihitaji kuambiwa kwamba ni jani.

Nilimulika lenzi kwa tochi ya simu. Ndani yake mlikuwa na utando mwembamba, kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa.

Nikaogopa. Nitalisema kama nilivyolihisi: nilijua ni kukosa radhi. Nimekwenda kununua vifaa vya safari ambayo mama yangu hajaibariki, na kioo kimekufa macho kabla sijafika hata Muheza. Na kwa kuwa mtu hawezi kumkasirikia Mungu, wala mama yake, nikamkasirikia Dharsi.

"Umeniuzia ukungu!" nilimwambia kabla sijavuka kizingiti. Hata shikamoo niliisahau, na Batulbai akanitazama kwa jicho la kunikumbusha. "Shikamooni. Umeniuzia ukungu, Bwana Dharsi!"

Dharsi alivaa miwani yake, akawasha tochi ndogo ya kutengenezea saa, akaizungusha lenzi taratibu.

"Si kuvu," alisema. "Kuvu lina mizizi, hutambaa. Hii imekaa sawasawa, mbele na nyuma. Sijaona hii kitu maisha yangu."

"Basi ni ya kiwandani. Imeingia yenyewe. Ulisema yenyewe."

"Nilisema yenyewe, lakini…"

"Nipe," Batulbai alisema.

Akaweka kofia chini, akaipokea lenzi kwa mikono miwili, akaipeleka puani. Alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu, akashusha, akavuta tena, mpaka mumewe akaanza kuona aibu mbele ya mteja.

"Udi," alisema. "Udi wa kupika. Una sukari, una mafuta ya mawardi. Umepikwa na mtu anayejua." Kisha akanigeukia. "Maryam, nani kaifukiza lenzi yako?"

Nilinusa na mimi, na sikuhitaji kunusa mara ya pili. Ilikuwa harufu ya kabati la mama, ya asubuhi za Idi na mabaibui yaliyotandazwa juu ya tenga, chetezo kikifuka chini yake. Kila Alhamisi hufukiza nguo, na udi wake haununui. Huupika mwenyewe kwa namna ya kwao Pemba, na hapo jikoni haingii mtu.

"Sukari na mafuta!" Dharsi alishika kichwa. "Moshi umeingia kwenye kila upenyo, umeganda. Hapo dhamana yangu haimo, binti. Hiyo si yenyewe."

"Ulitaja chai," Batulbai alimwambia. "Ukataja kuanguka. Mchanga nilikutajia mimi. Udi hakuna aliyeutaja."

"Nani atautaja udi kwenye biashara ya lenzi?"

"Basi kama hukuutaja, huwezi kuukataa. Ifungue uifute. Mikono yako inafungua saa za watu kila siku, itashindwa na hii?"

Dharsi alinung'unika kwa Kigujarati maneno ambayo nadhani sikutakiwa kuyaelewa, kisha akatandika kitambaa cheupe juu ya kaunta. Aliniambia nipite kesho. Batulbai alinisindikiza mpaka mlangoni, na pale akaniambia kwa sauti ndogo nimsalimie sana mama, nimuulize pia mawardi yake anayapata wapi.

Nilirudi nyumbani taratibu. Njia nzima nilikuwa natafuta hasira yangu, siioni. Mama alikuwa ukumbini anachambua kunde.

"Mama, umeifukiza lenzi yangu?"

"Nliifukiza. Alhamisi, pamoja na mabaibui. Nikaisomea na Ayatul Kursi." Aliendelea kuchambua. "Kwani kosa?"

"Ni kioo, mama! Moshi umeingia ndani, haioni tena."

Hapo mikono ilisimama. Alinitazama kwa uso ambao sijauzoea, uso wa mtu aliyevunja kitu cha mwenzake.

"Si wee mwenyewe ulosema haina dhamana? Nlikusikia kwa masikio yangu. Huku hawaitambui, ikipatwa na lolote i peke yake. Na wenda nayo huko msituni, kwa watu tusowajua. Nikasema mwanangu hatoki hapa na kitu kisokuwa na mlinzi. Kama serikali haikukidhamini, ntakidhamini mie."

Nilikaa chini, palepale sakafuni, mbele ya ungo wake. Kumbe ule utando ndio uliokuwa radhi yenyewe. Nilikuwa nimemlaumu Dharsi, nimekilaumu kiwanda, nimejiona nimelaaniwa, na wakati wote ule mama yangu alikuwa ameniombea kwa moshi na sukari mpaka kioo kikashindwa kuona. Nilicheka, halafu nikaona nalia. Yeye hakujua ashike lipi.

"Itafutika, mama. Bwana Dharsi anaifuta."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi. "Maana nlitaka kukusaidia."

"Kwa hiyo naenda?"

"Kwani nani alokuzuia?"

"Hukusema kitu. Mwezi mzima nakusubiri uniambie radhi unayo au huna."

Mama aliweka ungo pembeni. Kunde chache ziliviringika mpaka chini ya kiti, hakuziangalia.

"Radhi zi tele, Maryam. Toka siku ya mwanzo zi tele. Mie n'najua kazi ni yako, na waiweza. Lakini nkisema nenda, wee wenda kweli. Ndo maana nkawa nakata bamia."

Nilimwekea kichwa mapajani. Kanga yake ilikuwa na harufu ileile niliyoinusa dukani. Nje mtu alikuwa anauza dagaa, akitembea na sauti yake mpaka ikaishia mtaa wa pili. Nilitamani tubaki vile, nusu usingizini, mpaka mwezi uishe na mwingine uanze bila mtu kutuuliza kitu.

"Basi usiseme leo," nilimwambia. "Utasema kesho."

"Aa, kesho ntaogopa upya." Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanisomea kitu chinichini, akanipulizia usoni. Kisha akatamka, polepole, neno kwa neno. "Nenda, mwanangu. Nimekuridhia dunia na akhera."

Ndilo neno nililolisubiri mwezi mzima, na lilipomtoka nilitamani alirudishe.