Kasi ya Nyumbani

Mashine ya santuri ya nyumbani kwetu ilikufa miezi miwili baada ya mama. Mota iliungua, ikatoa harufu ya mpira, basi. Baba hakulalamika. Aliifunika kwa kitambaa, akazipanga sahani zote thelathini na moja za muziki kwenye rafu kama vitabu, na tangu siku hiyo nyumba ikanyamaza. Nilikuwa nikitoka chumbani namkuta ameketi sebuleni, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya utunzaji wa nyaraka, na hatimaye nilikuwa nimepata kazi mji mwingine, safari ya siku nzima. Zilibaki siku kumi. Shangazi, dada yake baba, alinipigia simu akasema nisithubutu kuikataa kazi hiyo, kisha bila hata kupumua akaniuliza baba atabaki na nani. Nilichokuwa nacho ni wazo: nizihamishe nyimbo zote kwenye simu ya baba, awe anabonyeza tu. Niliamini kwa dhati kwamba nikiifanya kazi hiyo vizuri, hatakuwa peke yake.

Nikaenda kwa fundi wa redio, mwanamke mnene mwenye maneno mengi ambaye mtaa mzima humwita Mama Spika. Duka lake ni chumba kimoja kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Mama alikuwa fundi cherehani, na Mama Spika alikuwa mteja wake.

“Alinishonea gauni la ndoa ya kwanza na la ndoa ya pili,” aliniambia. “La tatu kitambaa ninacho, mwanamume ndiye sijampata. Sema shida yako, mwanangu.”

Nikaisema. Akanitolea mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa kisanduku chekundu chenye mpini, kina spika ndani yake na tundu la kebo ya kompyuta. Nilikipenda papo hapo, naye akanikataza papo hapo. Mkono wake unaobeba sindano ni mzito, alisema, na sindano yenyewe inalima sahani badala ya kuisoma. Ya pili ilikuwa nyeusi, mpya, nzito kama jiwe la kusagia. Hiyo nayo ilikuwa na tundu la kompyuta, na mota yake ilishika mizunguko thelathini na tatu na theluthi kwa dakika, kasi ambayo sahani zimetengenezewa, haizidi wala haipungui. Ya tatu ilikuwa kuukuu, imetoka kwenye ukumbi wa dansi. Haikuwa na tundu la kompyuta, ilihitaji kisanduku cha kukuza sauti na kebo za ziada, na pembeni ilikuwa na kitufe cha kutelezesha, cha kuongeza na kupunguza kasi. Nikauliza kitufe hicho ni cha kazi gani kwangu. Akasema labda hakina kazi, wanakitumia wapiga muziki kuunganisha nyimbo mbili.

Nilichagua ya pili. Chuoni nilifundishwa kwamba nakala njema ni ile isiyoongeza wala kupunguza kitu. Mama Spika akaniazima, kwa heshima ya magauni.

Kwa siku tatu nilifanya kazi kwa bidii ambayo hata sasa nikiikumbuka naona haya kidogo. Niliosha kila sahani kwa kitambaa laini na maji yenye tone la sabuni, nikikwepa karatasi ya katikati. Niliweka mashine chumbani kwangu na kuifunga sauti kabisa, ili spika zisiitikise sindano, nikawa natazama tu mstari wa kijani ukipanda na kushuka kwenye kompyuta. Faili moja baada ya nyingine, zote na majina na tarehe. Siku ya nne asubuhi nikamvisha baba hedifoni, nikamchagulia wimbo ambao mama aliupenda kuliko zote.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua hedifoni, akakunja waya taratibu.

“Wanaimba vizuri,” alisema. “Ila kama wametoka kuzika. Ni akina nani?”

Nikamwambia ni bendi ile ile, baba, sahani ile ile. Nikamletea na jalada lake. Alilitazama jalada, akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa kitu sicho na hataki kumwaibisha muuzaji.

Niliingia jikoni nikampigia shangazi. Nilimwambia baba amesahau, hata wimbo wa mama hautambui. Shangazi akasema kwa sauti ndogo, ambayo si yake, kwamba basi niwaandikie wale wa kazi niwaambie siendi. Nikakaa mezani nikaanza kuandika. Nilipofika kwenye “kwa masikitiko” nikakwama. Nikachukua hedifoni, labda niusikie wimbo ule, nijue ni kitu gani hasa baba amekipoteza.

Ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzito, wa chini, unajikokota. Waimbaji walikuwa watu wengine kabisa. Nilikuwa nimehamisha sahani thelathini na moja na sikuwa nimesikiliza hata moja.

Nikaenda kuifunua mashine yetu ya zamani. Nikanyanyua sinia lake la chuma, lile linalobeba sahani. Mahali pa mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha sinia palikuwa na lastiki ya kiunoni, ile ya sketi, imekunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo iliyolingana. Mishono hiyo naijua. Nimeivaa maisha yangu yote.

Baba alinieleza pale pale, bila kuona ajabu yoyote. Mkanda ulikatika mwaka niliozaliwa, mwingine haukupatikana, mama akashona huo, akaukunja ili usikatike tena. Nikampelekea Mama Spika picha, naye akanipigia. Alicheka hadi nikaisikia simu ikianguka. Mkanda ukiwa mnene, alisema, sinia linakwenda mbio.

“Yaani mmecheza dansi mkikimbizwa miaka ishirini na mitatu, nyumba nzima, na hakuna aliyeuliza?”

Nikamuuliza kama kompyuta haiwezi kuongeza hiyo kasi. Akasema inaweza, ila itataka kuambiwa kiasi gani. Nilijaribu mwenyewe, nikapata kasi nne tofauti na zote zilinishawishi. Jioni hiyo nikarudisha ile nyeusi, nikabeba ile ya ukumbini, pamoja na kisanduku cha sauti na kebo zake.

Niliiweka sebuleni, sauti wazi. Nikakishika kidole cha baba, nikakiweka kwenye kitufe. Alisukuma mbele, akapitiliza, waimbaji wakawa kama kuku. Akarudi nyuma. Akafumba macho, akasogeza kidogo kama mtu anayetia chumvi.

“Hapo,” alisema. “Hapo ndipo mama yako alipokuwa anaingilia kuimba.”

Nilitia alama kwa kalamu. Barua nikaifuta. Sahani zote tukazirudia kwa kasi hiyo, mimi na yeye, tukisikiliza kila wimbo mwanzo hadi mwisho. Mara moja nilishindwa kujizuia nikaimba sehemu ya mama. Baba akaniomba, kwa upole, tuanze upya, sehemu hiyo tumwachie mwenyewe.

Tulimaliza mkesha wa safari yangu, kabla jua halijazama. Nikampa simu, nikamwonyesha pa kubonyeza. Aliuliza nani atageuza sahani. Nikamwambia hazigeuzwi tena, zinaendelea zenyewe, upande wa kwanza kisha wa pili.

“Weka nafasi katikati,” alisema.

“Ya muda gani?”

“Wa mtu kuinuka, akaja, akageuza.”

Nikainuka kwenye kochi, nikatembea hadi kwenye mashine nikihesabu. Sekunde sita. Baba akatikisa kichwa.

“Alikuwa anatokea kwenye cherehani.”

Nikaenda kukaa kwenye kile kigoda cha mama, nyuma ya cherehani kule dirishani. Nikasukuma nguo pembeni, japo hazikuwapo, nikainuka, nikaja polepole. Sekunde kumi na nne. Nikaziweka hizo, za kimya, kwenye sahani zote thelathini na moja.