Kopo la Shanga

Kidonge cha leo kilikuwa kigumu. Kiligonga jino, kikateleza, kikashuka na maji huku Mama Shanga amefumba macho. Hiyo ilikuwa siku ya ishirini na sita. Mwuza dawa alimwambia vitamini na mafuta ya samaki havitaki haraka, asubiri miezi miwili mitatu, lakini yeye alikwisha kuiona nafuu. Magoti hayakulia tena akipanda ngazi. Jana alimtambua mtu ng'ambo ya barabara akampungia mkono, na hata kama ilikuwa kanzu imeanikwa, kanzu si ina mwenyewe?

Hakumwambia mtu, hasa wifi yake, ambaye walikuwa wakishona naye chumba kimoja mwaka wa kumi na tisa sasa, na ambaye mdomo wake haujui likizo. Vidonge alivificha mahali wifi asipotia mkono, kwenye kopo la shanga. Vilikuwa vidogo, mviringo, rangi ya asali. Shanga za gauni la bibi harusi nazo zilikuwa ndogo, mviringo, rangi ya asali. Kama umeanza kucheka, jizuie kidogo. Mwenyewe hakuwa na habari.

Gauni lilisimama dirishani, satini nyeupe, shanga mia mbili zimezunguka kiuno. Bibi harusi angelifuata saa sita. Mwezi uliopita shanga tatu zilipodondoka kutoka blauzi ya mteja, wifi alisema bila kuinua kichwa kwenye cherehani:

"Wifi, macho yako yamechoka. Hili la harusi likitoka na kasoro hata moja, shanga nitashona mimi. Wewe utakunja mapindo."

Mapindo. Mtu aliyeshona shanga tangu ana miaka kumi na saba.

Basi asubuhi hiyo hakutulia. Alilizunguka gauni kama kuku anayetaka kutaga.

"Tazama mstari huo. Umenyooka, haujanyooka?"

"Umenyooka," wifi alikiri, kama mtu anayeng'olewa jino. "Lete nilipige pasi kwa ndani, tumalize."

Pasi ikashuka toka mabegani, taratibu, ikafika kiunoni. Wifi akainua pua.

"Nani anakaanga samaki saa hizi?"

Paka wa jirani akaingia bila hodi. Akaketi mbele ya meza ya pasi, akalikodolea gauni macho kama mgeni rasmi.

Wifi akaligeuza gauni. Ubavuni kushoto kulikuwa na doa la upana wa jani, na lilikuwa likitambaa. Akabinya shanga iliyokuwa katikati yake. Ikabonyea. Akanusa kidole.

"Wifi, hiki ni nini?"

"Ni... vya macho."

"Vya macho. Umevishona kwenye gauni."

"Nilidhani ni shanga, tundu zake nyembamba."

"Na asubuhi ya leo umemeza nini?"

Mama Shanga akakumbuka lile jino. Akashika tumbo. Wifi akaanguka juu ya gunia la vipande vya nguo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaona saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mama Shanga hakucheka. Alisukuma kopo mpaka upande wa wifi wa meza. "Chukua. Ulisema."

Wifi hakulichukua. Aliinua mto wa kiti chake, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa miwani, mkono mmoja umefungwa kwa uzi.

"Mwaka wa tatu huu. Navaa ukienda chooni. Ukinicheka nakupiga pasi."

Mama Shanga akaivaa. Kumbe satini ina nyuzi. Kumbe cherehani ina vumbi.

"Wifi, umezeeka."

"Shona."

Mama Shanga alikata nyuzi za vidonge vitatu, akaving'oa, akamwagia doa poda, akapangusa. Likabaki kivuli, na juu ya kivuli akaanza ua la shanga, petali moja, ya pili, sindano inaingia tunduni bila kubahatisha, vidole vinakimbia kama vya msichana. Mlangoni wifi alimzuia bibi harusi kwa maneno, mali aliyonayo tele. Petali ya tano ilifungwa fundo bibi harusi akiwa kizingitini.

Alilivaa gauni, akajitazama kwenye kioo. Kidole kikasimama ubavuni.

"Ua hili halikuwepo."



"Halikuwepo," alisema Mama Shanga. "Limechanua leo."

Bibi harusi alijigeuza kushoto, akajigeuza tena. Tabasamu lilianza upande mmoja wa mdomo likafika wa pili. Kisha akanusa.

"Kuna mtu anakaanga samaki?"

"Jirani," walijibu kwa pamoja.

Aliondoka na gauni sandukuni, amelikumbatia kifuani. Wifi alichungulia barabarani.

"Paka anamfuata?"

"Anamfuata. Mkia juu."

"Hebu nione."

Mama Shanga akampa miwani. Wifi akatazama, akacheka kimyakimya, akairudisha yeye mwenyewe puani kwa mwenzake. Kisha akalisukuma kopo likarudi upande lilikotoka.

Mama Shanga alichukua sindano, akaitungia uzi, ukaingia kwa jaribio la kwanza. Akauchomoa. Akautunga tena.