Mashuka Mia Nne na Mlima Mmoja

Mume wangu wanamwita Mwakani. Jina nilimpa mimi kwa hasira, mtaa ukalidaka, na sasa hata wateja wanamwita hivyo. Paa la chumba cha kupigia pasi linavuja? Mwakani. Beseni kubwa limepasuka? Mwakani. Tangu nilipoanza kutaja gari la umeme, miaka mitatu iliyopita, kila tukimaliza kula hufungua simu na kunisomea habari za betri.

"Mwakani zinakuja zinazokwenda mbali mara mbili," husema huku akichokonoa meno. "Ukinunua leo, mwakani si utajuta?"

"Na mwakani ikifika utanisomea za mwaka utakaofuata."

"Ndiyo maana ya kusubiri, mke wangu."

Unaona mtu ninayeishi naye.

Sisi ni madobi. Tunafua mashuka ya hospitali ya wazazi iliyoko mjini, kule bondeni. Sisi tuko juu mlimani, kilomita arobaini, kwa sababu huku maji hayakatiki. Kila siku saa moja asubuhi mashuka mia nne masafi yawe yameshafika wodini, kisha tupande na mia nne machafu. Kazi hiyo inalisha nyumba yetu na nyumba za wafuaji sita.

Gari letu la dizeli lilikuwa limezimika njiani mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya tatu Sista mkuu alinisubiri getini, mikono kiunoni.

"Mama Dobi, leo mzazi amelalia kanga yake. Ukichelewa tena, usijisumbue kuja. Kazi nitampa mwingine."

Sista si mtu wa kutishia. Nikarudi nyumbani roho juu, na siku hiyohiyo nikaenda kwa muuzaji wa magari yaliyotumika.

Alikuwa na gari dogo la mizigo la umeme, jeupe, limechunwa ubavu mmoja. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, kikaonyesha kwamba betri imebaki na asilimia themanini na moja ya uwezo iliokuwa nao ilipokuwa mpya.

"Ni kama tangi lililopungua ukubwa, mama, lakini halijatoboka," alisema. "Chukua siku tatu, ulijaribu kwa kazi yako mwenyewe. Ila usiniamini mimi, wala usiiamini dashibodi. Amini safari yako. Na kule chini uchaji kidogo kabla ya kupanda."

Maneno ya mwisho yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kesho yake nilipakia mashuka, betri imejaa mia kwa mia. Mwakani alisimama mlangoni na kikombe chake. Gari liliteremka kimya, kila nikikanyaga breki namba ya betri inapanda kidogo, na nikafika hospitali saa moja kasorobo. Mlinzi hakunisikia mpaka nilipopiga honi. Nikatazama dashibodi: sabini na nne.

Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilitumia ishirini na sita kushuka, nikajumlisha ishirini na sita nyingine za kupanda, nikaona nitafika nyumbani na karibu nusu ya betri. Nikampigia simu mume wangu palepale.

"Itabaki arobaini na nane!" nikamwambia. "Kamwambie mwakani asije, hatumhitaji!"

"Umehesabu mlima?"

"Nimehesabu mashuka. Mia nne yameshuka, mia nne yanapanda. Mzigo ni uleule."

Hapo ndipo udobi wangu uliponiponza. Kwetu shuka ni namba. Tunayahesabu yakitoka na tunayahesabu yakirudi, moja moja, tukilikunjua kila moja mbele ya muuguzi tusije tukafua na mkasi uliosahauliwa. Inachukua karibu saa mbili. Hesabu ikilingana, tunatia sahihi na kila mtu anakwenda zake. Kwa miaka ishirini sikuwahi kupima shuka kwa kilo. Na yale machafu huwa yamelowekwa dawa usiku kucha, kwa hiyo yanapanda mlima yakichuruzika.

Nilianza kupanda. Sitini. Arobaini na tano. Kwenye daraja, mlima wenyewe ukiwa ndiyo kwanza unaanza, thelathini na mbili. Nikazima redio, kana kwamba redio ndiyo inayokula. Ishirini. Kumi na moja. Gari likaanza kutambaa, malori yakanipita yakinipigia honi, na kona mbili kabla ya kufika kwetu likasimama. Nikalisogeza pembeni kwa pumzi yake ya mwisho, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikaketi juu ya bunda la mashuka maji yakinilowesha sketi.

Kona ile ninaijua. Miaka kumi na tisa iliyopita mume wangu alinunua lile gari la dizeli kwa siku moja, bila kulijaribu, kwa sababu lilikuwa linang'aa na yeye alikuwa kijana. Wiki ile ile lilizimika pale pale. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikashuka kusukuma. Jioni uchungu ukanishika. Binti yetu alizaliwa kabla ya siku zake, akakaa wiki tano kwenye hospitali ile ile tunayoifulia. Leo yuko chuoni, anakula kuliko baba yake. Lakini tangu siku ile mume wangu hajanunua hata ndoo bila kuizungukia mwaka mzima.

Nilipompigia simu alikuja na lori la kokoto la jirani yetu. Nilimwona akishuka na kamba begani nikajiandaa kusikia "nilikwambia". Hakusema. Alinitazama nilivyoketi pale, akakaa kando yangu juu ya mashuka, machozi yakimlengalenga.

"Si betri ninazosubiri," alisema. "Ninaogopa kukuona tena hapa. Sijawahi kujisamehe."

Miaka kumi na tisa, na hakuwahi kutamka. Mimi nikampa jina la utani na watu wakacheka. Niliona haya, nikamshika mkono.

"Leo sijasukuma," nikamwambia. "Na simalizi siku hii bila kujua nimekosea wapi. Nipe hiyo kamba."

Tulivutwa hadi nyumbani. Kabla wafuaji hawajagusa kitu, nikaazima mizani ya muuza mkaa. Bunda la mashuka ishirini masafi: kilo kumi na mbili. Bunda la ishirini machafu: kilo ishirini na saba. Mwakani aliandika kwenye kiganja, akapiga hesabu, akaipiga tena.

"Kilo mia tatu zaidi," alisema. "Umepandisha wanaume wanne wenye vitambi, mke wangu."

"Tena hawakushuka kusaidia."

Tulicheka mpaka wafuaji wakachungulia. Kisha akaacha kucheka. "Basi turudishe gari. Tusubiri lenye betri kubwa."

"Sista hasubiri," nilisema. "Gari limepungukiwa kona mbili. Siwezi kumwaga unga kwa ajili ya kona mbili. Nitazitafuta."

Na nilijua pa kuzitafutia. Zile saa mbili za kukunjua mashuka, gari huwa limesimama tu kwenye uwanja wa hospitali.

Kesho yake nilishusha mashuka kwa lile la dizeli, nikiomba lisizimike, na Sista alisikiliza ombi langu la umeme huku akitia sahihi mafaili.

"Umeme wa wodi ni wa watoto," alisema. "Hapana."

"Sijaomba wa wodi, Sista. Naomba ile soketi ya stoo ya bustani. Ina mita yake, nitalipia. Ukihitaji umeme, mtume mlinzi auchomoe waya bila kuniuliza."

"Na nikiuchomoa ukakwama?"

"Nitakwama nikipanda. Masafi yako yatakuwa yameshafika."

Hapo akainua kichwa. Alifikiri kidogo, akavuta droo, akanirushia ufunguo.

"Mashuka yawe hapa saa moja, Mama Dobi. Si saa moja na dakika tano."

Siku ya tatu, ya mwisho ya majaribio, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mume wangu aliangalia mawingu, akaniangalia mimi, kwa matumaini.

"Vizuri," nikasema. "Siku mbaya ndiyo ninayoitaka. Panda."

Tulishuka taa zikiwaka, vifuta mvua vikifanya kazi. Saa moja kasoro dakika kumi tulikuwa getini, betri sabini na mbili. Nikachomeka waya stoo, tukaingia kuhesabu. Mwakani alikunjua mashuka mia nne pamoja nami, na kila baada ya mashuka hamsini alikwenda kuchungulia waya kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Tulipomaliza ilikuwa tisini na tano.

Tulipanda na mashuka yote, hakuna hata moja nililoacha. Kwenye daraja hamsini na tatu. Mume wangu alikuwa ameshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Tukafika ile kona. Ishirini. Gari halikutetereka. Tukaipita, tukapita na ya pili, tukaingia uani kwetu na kumi na saba.

"Betri itazeeka," alisema, bado ameshika mkanda.

"Itazeeka. Kila mwaka itapungua kidogo, na kila mwaka nitaipima kwa mlima huu na kwa mashuka mabichi. Siku ikibaki kumi nitaliuza gari, ninunue lenye hiyo unayonisomea kwenye simu. Lakini nitaifuata nikiwa bado nina kazi."

Alishuka, akaenda kupakua.

Jioni muuzaji alikuja na karatasi. Tulizitandaza juu ya meza ya pasi, nikatia sahihi yangu. Sehemu ya pili ilikuwa ya mume wangu. Muuzaji, maskini, alikuwa mkweli kupita kiasi.

"Niwaambie tu, mzee," alisema, "mkiweza kuvumilia, mwakani naletewa mengine. Betri zake ni kubwa zaidi."

Nilimtazama mume wangu. Alitazama karatasi, akatazama dirishani, wafuaji walikokuwa wakikamua. Kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu.

"Bwana," alimwambia, "mashuka yanachafuka leo."

Akatia sahihi, akaandika na tarehe. Halafu akatoka nje kwenda kuchomeka gari, maana kesho saa kumi na moja alfajiri tunapakia.