Mstari wa Saba

"Mama," fundi seremala alimwita binti yake, "hebu lete lile daftari la mkutano."

Akiitwa mama namna ile, binti alijua kuna jambo. Akalileta, lakini hakuliachia mkononi mwa baba yake.

Fundi hakujua kusoma. Aliweka kidole katikati ya ukurasa kama anayepima ubao. "Yale maneno yangu yako wapi?"

"Mstari wa saba, baba."

"Yaondoe."

Mwezi uliopita mbao zililetwa kambini, za madawati kumi tu. Kamati ya wakimbizi ilikaa kuamua yaende darasa lipi, na fundi, ambaye ni mjumbe, akasema yaende kwa wavulana. Wasichana wakae kwenye mkeka, mwisho wa yote si wataolewa? Katibu aliandika bila kuinua kichwa. Katibu mwenyewe ndiye huyu binti yake, miaka kumi na tisa, msichana wa kwanza kumaliza sekondari katika safu yao ya mahema, na mkeka huo aliukalia miaka minne. Uamuzi ukaahirishwa hadi mkutano wa kesho, afisa elimu atakapokuwepo. Naye afisa ni mwanamke.

"Nitaonekana mtu wa ajabu," fundi alisema. "Mstari mmoja tu, mama. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Tena nikikufutia wewe, kesho mtunza stoo naye ataleta lake."

"Mimi ni baba yako!"

"Ndiyo, baba. Hapa nyumbani." Alisema kwa adabu, macho chini. "Kama umebadili mawazo, simama kesho useme. Na hayo nitayaandika."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo mlangoni, alicheka. "Usinitazame mimi, baba watoto. Mdomo ulikuwa wako."

Fundi akarudi kwenye randa yake, akauranda ubao mpaka ukawa mwembamba, haufai tena kwa kazi yoyote.

Kesho yake banda la mikutano lilijaa. Katibu alisoma kumbukumbu kwa sauti ile ile mwanzo hadi mwisho, hakukimbiza, hakumtazama mtu. Alipofika mstari wa saba, wanawake wa nyuma waliguna.

"Leo fundi kajipigilia msumari mwenyewe!" mmoja akasema, na watu wakacheka.

Mtunza stoo akasimama. Tangu mwanzo alikuwa akidai binti huyu ataandika apendavyo, na kwamba akikosea mara moja tu avuliwe ukatibu.

"Mwenyekiti, mimi maneno hayo siyakumbuki. Niliwaambia huyu mtoto ataongeza chumvi." Akamgeukia fundi. "Ndugu yangu, sema tu hukusema. Yaishe, na daftari lipate mtu mwingine."

Neno moja lingemwokoa fundi. Neno hilo hilo lingemnyang'anya binti yake kalamu. Akamtazama. Binti hakumwomba kitu, hata kwa macho. Alikwisha kufungua ukurasa mpya, akasubiri kama anavyomsubiri mjumbe yeyote.

Fundi akasimama. "Nilisema," akatamka. "Neno kwa neno. Kama kuna kosa, ni la mdomo wangu. La kalamu hakuna."

Akamgeukia mwenyekiti.

"Na bado sijamaliza. Bomba lilipokauka mwaka jana, sisi wanaume tulipiga kelele wiki mbili. Aliyeandika barua hadi maji yakarudi ni nani? Si huyu huyu wa kwenye mkeka? Naomba madawati yaanze kwa wasichana."

"Mjumbe," katibu akauliza, "yatakuwa tayari tarehe ngapi?"

Miaka thelathini ya ufundi wateja wote aliwajibu "njoo kesho", na wote walikubali.

"Wiki ijayo hivi..."

"Hiyo si tarehe, mjumbe."

Kicheko kikapasuka. Fundi akakuna kichwa. "Tarehe kumi na nane."

"Asante." Akaandika.

Mwenyekiti akaitisha kura, mikono ikainuka, hata ya baadhi ya waliokuwa upande wa mtunza stoo. Afisa elimu akainama kwa mwenyekiti. "Huyu katibu mmemtoa wapi?"

"Kwangu!" fundi akapaza sauti kabla mwenyekiti hajafungua kinywa. "Ametoka kwangu, mama!"

"Mjumbe," katibu akasema, kalamu mkononi, "hujapewa nafasi ya kusema."

"Samahani, katibu," fundi akajibu, akaketi, meno yote nje.