Kontroleri na Mwizi, Sehemu ya Pili

Ambroise na Edmond walipokuwa vijana, mji mzima wa Kamina uliwajua kwa mchezo mmoja. Ambroise, dereva wa treni, alicheza kontroleri, mkaguzi mkali wa tiketi; Edmond, karani wa shule ya Wamethodisti, alicheza mwizi anayepanda bila tiketi. Mwishoni kontroleri aliruka kutoka juu ya behewa la mbao, akamwangukia mwizi, na mwizi akachoropoka akimwachia suruali mikononi. Akina mama walicheka mpaka vitambaa vikawafunguka kichwani. Hata mjini Kabongo waliitwa, wakaenda.

Miaka ikapita, vita ikaja. Mwaka 1999 treni za kaskazini zilikuwa zimesimama, na watu waliokimbia miji ya Kabalo na Manono walilala katika madarasa ya shule. Mwalimu Hulda, aliyeuona mchezo ule utotoni akiwa amepakatwa na mama yake, alikwenda nyumbani kwa Ambroise.

"Tata Ambroise, tunaomba mutuchezee sehemu ya pili. Kila muntu ataingia na kikopo ya unga. Ile unga itaenda kwa bakimbizi."

Ambroise alikuwa amestaafu, na tumbo lilimtangulia kila alikokwenda. Lakini macho yake yaliwaka. "Tutacheza. Na kuruka, nitaruka."

Mkewe Lucienne, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, aliinua kichwa. "Utaruka na magoti ya nani?"

Ambroise alipaka mvi zake rangi ya viatu, akakaza mkanda, akamkataza Edmond kubadili hata neno moja la mchezo wa zamani. Edmond alikuwa na pumu, ila hakutaka kumvunja moyo rafiki yake.

Siku ya mchezo, sale, ukumbi wa watu wa reli, ilijaa mchana kweupe, maana usiku ilikatazwa kutembea. Kilichofuata kilitia huruma. Joto lilipopanda, rangi ya viatu ilianza kumtiririka Ambroise shingoni. Vichekesho vilikuwa vilevile vya zamani, na watu walivimalizia wenyewe kabla havijamtoka mdomoni. Edmond alikimbia kulizunguka behewa, pumzi ikamwishia. Kontroleri na mwizi wakajikuta wameketi pamoja kwenye ngazi, wote wanahema. Edmond, akisahau kwamba yeye ndiye mwizi, akamkabidhi mwenzake chupa ya maji.

"Kunywa kwanza," alimwambia. "Utanikamata kisha."

Ambroise akanywa, akapanda juu ya behewa. Alitazama chini. Akalishika goti la kulia. Akasimama pale, akaendelea kusimama, halafu akageuka akashuka ngazi kinyumenyume, akipapasa kila kidato kwa mguu.

"Murudishe unga yetu!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na wengine wakaanza kuzomea.

Baada ya hapo Ambroise hakutoka nyumbani. Lucienne alimwekea ugali wa bukari, naye akauacha upoe. Edmond alipokuja kumwona, Ambroise alimwambia, "Tulikuwa na jina muzuri. Tumeiharibu siye benyewe."

"Bakimbizi balikula," Edmond alijibu. "Ile haikuharibika."

Asubuhi moja, Edmond akiwa amekuja tena, mwanamke mgeni alipiga hodi. Aliitwa Albertine, alikuwa ametoka Kabalo kwa miguu pamoja na baba yake mzee, Jéthro.

"Nimekuja juu ya baba yangu," alisema. "Tangu tulifika hapa alikuwa analala tu, uso kwa ukuta, hata kula hataki. Nilimupeleka ku teatre kwa nguvu. Sasa hanipe amani."

"Juu ya nini?" Lucienne aliuliza.

"Juu ya ile maji, mama! Mwizi anapatia kontroleri maji! Baba alicheka mpaka akakohoa. Sasa kila muntu anapita mu klasi anamuambia, 'Kunywa kwanza, utanikamata kisha.' Bantu bamechoka naye. Na anataka kujua nini ilifuata, kwa sababu kelele ilifunika maneno."

Ambroise alimnyoshea Edmond kidole. "Ile haikuwa mu muchezo. Alinipa maji kwa sababu nilikuwa nakufa."

"Basi mukuje mumuelezee benyewe," Albertine alisema.

Wakaenda. Darasani walimkuta Jéthro ameketi juu ya dawati, mwembamba, koti likimpwaya. Hakuwasifu.

"Kule kutaka kuruka ilikuwa mubaya," alisema. "Mi nilifunga macho. Lakini ile maji njo teatre ya kweli. Weye mwizi, treni haiko. Utakimbilia wapi?"

Edmond alifikiri kidogo. "Nitaenda na miguu."

"Na kontroleri?"

"Mi pia na miguu," Ambroise alisema. "Nitafanya nini? Nitamufuata."

"Na valizi yako ya nguo nani atabeba? Magoti yako imekufa."

Ambroise aliangua kicheko kilichomshangaza mwenyewe. "Mwizi njo atabeba!"

Watu wa darasa lile wakasogea. Kila mmoja alikuwa na la kuongeza, maana safari hiyo waliijua kwa nyayo zao: mto uliofurika, askari wa vizuizi vya barabarani wanaodai karatasi, bibi aliyekataa kumwacha kuku wake. Ambroise alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Edmond hakuwahi kumwona hivyo.

Mwalimu Hulda akawapa uwanja wa shule. Jumamosi Ambroise alitokea na mvi zake, na hakuna aliyeruka. Wazee wawili walitembea kutoka kituo hadi kituo wakigombana, mwizi akiwa na valizi kichwani, kontroleri akimdai tiketi ya treni isiyokuwepo. Mwanzoni watazamaji walikuwa wachache. Kicheko kikawaita wengine kutoka barabarani. Yule aliyetaka kurudishiwa unga alikuwa mbele kabisa, ameshika mbavu.

Vita haikuisha mwaka ule. Lakini treni moja ya mizigo iliporuhusiwa kwenda Luena, upande wa kusini, watu wa reli wa huko walituma ujumbe kwamba nao wanataka kuuona mchezo. Ambroise na Edmond walipanda, na Jéthro pamoja nao, sasa akicheza askari wa kizuizi cha barabarani. Alisahau maneno yake mara kwa mara, na kila aliposahau alimkaripia Ambroise mbele ya watu kana kwamba kosa ni lake. Ambroise alimwacha amkaripie.

Njiani Jéthro alisimama mlangoni mwa behewa, akiangalia nyasi na vichuguu vikipita. Kisha akauliza kama sokoni Luena samaki wanapatikana. Alikuwa na hamu, alisema, ya kula samaki.